Mguu Mwekundu wa Makapu

Kama kuna mwanamke mbishi Kasulo nzima, ni Esperansia. Padre mwenyewe anajua. Kila Majilio anapoitwa kupaka rangi upya sanamu za pango la Noeli, hubishana naye juu ya kanzu za Mamajusi, na sikukuu ikifika, kanzu zina rangi aliyoitaka Esperansia. Mkono wake ni mwepesi, hilo hakuna anayelipinga.

Lakini mwezi uliopita alirudi kutoka Nyakahura kimya. Alikwenda kumwona dada yake, Speciosa, aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau. Speciosa alimtazama usoni, akamkaribisha vizuri, kisha akauliza, "Dagaa wa leo wako wapi?" Jamani! Dada aliyembeba mgongoni, leo anamdhania muuza dagaa. Esperansia akajibu kwamba dagaa wameisha, akaenda nyuma ya jiko, akalia.

Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja tu: dada atamjua tena kabla hajafa? Alimpigia simu akamtajia jina lake, wapi! Akamwimbia nyimbo za komunyo ya kwanza, wapi! Ndipo akamkumbuka Makapu.

Makapu alikuwa zimwi lao wenyewe. Walimtunga wakiwa wasichana wadogo, wakilinda maharage yasiliwe na ngedere. Alikuwa na pembe za ng'ombe, tumbo kama mtungi, makapu mawili mgongoni ya kubebea watoto wasiotaka kulala, na mguu mmoja mwekundu kwa sababu alikanyaga makaa. Hakuna mtu mwingine aliyemjua. Mguu upi sasa? Hapo ndipo vita ilipoanzia. Speciosa alisema wa kulia, Esperansia akasema wa kushoto. Walivutana nywele, mama yao akawachapa wote wawili, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Basi Esperansia akachota udongo wa bondeni, akafinyanga zimwi lenye urefu wa kidole, akalichoma. Akatafuta mabaki ya rangi ya mafuta ya kanisani. Brashi zake zote zilikuwa nene mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo akachonga unyoya wa kuku. Macho aliyatia kwa ncha ya mwiba, huku amezuia pumzi. Pembe zikawa nyeupe, tumbo la kahawia, makapu ya njano yenye mistari. Alipofika kwenye mguu, mkono ukasita. Dada ni mgonjwa, si ampe tu huo wa kulia yaishe? Akafikiri, akaguna.

"Hapana. Ulikuwa wa kushoto."

Akaupaka rangi nyekundu wa kushoto. Ubishi gani huo!

Picha ya kwanza aliipiga mezani, na Makapu akatoka kama kiazi kilichooza. Esperansia hakukubali. Akampeleka mwambani alikoanika muhogo, akamsimamisha katikati ya vipande vyeupe, akalala kifudifudi na simu yake. Loo! Kwenye kioo muhogo ukawa milima, na Makapu akaipita milima yote kwa urefu. Jirani yake, Pius, akasimamisha baiskeli.

"Mama, umeanguka?"

"Nampiga picha zimwi."

"Haya, mama," akasema Pius, akakanyaga pedali upesi.

Picha ikatumwa kwa Yuster, binti wa Speciosa anayemtunza mama yake. Esperansia hakutoka pale mwambani. Hata muhogo hakugeuza. Mwishowe simu ikaita.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Ameiona?"

"Ameiona. Alicheka mpaka nikaogopa. Sasa amekasirika. Hebu msikie mwenyewe."

Ikaja sauti ya dada, ileile ya kutoa amri.

"Nani kaharibu mguu wa Makapu? Ni wa kulia! Hii ni kazi ya Esperansia. Mtoto huyu ni mbishi tangu tumboni mwa mama. Mwiteni hapa!"

Esperansia akaketi palepale juu ya muhogo wake. Machozi ya furaha yalimtoka. Angeweza kusema, ndiyo dada, umeshinda. Mtu mwingine yeyote angesema hivyo.

Akajifuta uso kwa kanga.

"Ni wa kushoto, dada."

"Kulia!"

"Kushoto!"

Walibishana hivyo mpaka Yuster akaomba simu yake.