Mvua Ilinyesha Kithimani, Sisi Tukiwa Diani

Nakumbuka siku moja asubuhi, mwanangu, nimekaa kwenye mchanga wa Diani, miguu imo ndani ya maji ya chumvi, nacheka peke yangu kama mtoto. Mimi na mume wangu Mutiso tulikuwa tumetimiza miaka kumi ya ndoa.

Tulifunga ndoa Novemba, mwezi ambao Mkamba mwenye akili zake yuko shambani, kwa hiyo kila mwaka siku yetu ilitukuta na jembe mkononi. Mutiso alikuwa na wimbo mmoja: "Tukishapanda, tutaenda." Tukipanda, ni palizi. Tukipalilia, ni mavuno. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma. Mwaka ule mvua ilichelewa, visingizio vikamwishia, tukafunga safari.

Siku ya pili jirani yetu wa Kithimani akapiga simu. Mvua ilikuwa imenyesha Yatta nzima usiku kucha. Mutiso akamwambia tunarudi, akaanza kukunja nguo.

"Mama Mwende, twende nyumbani. Mbegu iko kwa nyumba. Udongo ukikauka, tumekwisha."

Sikuweza kumlaumu, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwetu mvua ya kwanza haimsubiri mtu. Ikikupita, watoto watalala njaa. Lakini niliumia, mwanangu, niliumia sana. Nilijua tukiondoka siku ile sitamwomba tena anipeleke popote, na mke akiacha kuomba, nyumba imeanza kupoa.

Nikafunga begi. Simu ikalia tena. Alikuwa mama yake Mutiso, mjane wa maneno machache. Nilimwogopa, kwa kuwa nilidhani ananiona mvivu niliyemtoa mwanawe shambani. Kwenye simu alizungumza kwa sauti ya kuitana ng'ambo ya mto, basi nilisikia yote.

"Mutiso, nasikia unarudi. Kufanya nini?"

"Kupanda, mama."

"Tumeshaanza. Niko hapa na wamama wa mwethya."

Mwethya, kwa msio wa kwetu, ni wanakijiji kusaidiana: leo shamba langu, kesho lako.

"Lakini mama, magoti yako..."

"Magoti ni yangu. Baba yako alikuwa mtu mzuri. Aliniambia tukishavuna atanionyesha bahari. Tumevuna na kuvuna mpaka nikamzika. Kaa na bibi yako. Nipatie yeye."

Nilipokea simu.

"Mwana wakwa," akaniita, yaani mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo. "Hiyo maji, ni kweli haina mwisho?"

"Ni kweli, mama. Macho yanachoka kabla yake."

"Basi iangalie vizuri. Ukikuja utaniambia."

Mutiso alikaa chini akalia, na mimi nikalia naye. Hatukuondoka. Novemba iliyofuata tulipanda mapema kabla ya mvua, tukarudi Diani watu watatu. Mama mkwe aliingia baharini na viatu vyake vya kanisani, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema. "Aka!" akasema. "Yote hii, na haiwezi kupika hata mahindi ya muthokoi!" Kisha akakataa kutoka.

Basi nisikilize, mwanangu. Kazi ipende, maana mkono mtupu haulambwi. Lakini shamba lina watu wa kukusaidia; mwenzako hana mwingine wa kukaa naye kwa niaba yako. Siku mliyoahidiana, iheshimu ikiwa bado mna miguu ya kutembea. Na wewe uliye mzee kama mimi, ukiona vijana wamebanwa, usiwahukumu. Shika jembe lao siku moja.

Mungu akupe kicheko na mwenzi wako, na afya ya kumbebea begi lake, na wazee wasioogopa kukuambia ukweli. Mkisafiri, nendeni salama, nawe umrudishe mwenzako nyumbani akiwa na furaha.