Siku Kamera Ilipoanza Kupata Joto

Mama yangu alikaa siku tisa nyumbani kwangu Gatongora akiwa amelala kifudifudi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Thika, baada ya utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga, kubanduka. Daktari aliurudisha mahali pake, kisha akajaza gesi ndani ya jicho ili iushikilie. Gesi hupanda juu, akatueleza, kwa hivyo uso lazima utazame chini mchana na usiku, isipokuwa dakika chache za kula na kwenda msalani. Mama hufuma sweta za shule kwa mashine, katika chumba chake karibu na mtaa wa Kiandutu, huko Thika, na sijui kama aliwahi kulala mchana maishani mwake. Alipoambiwa siku tisa alicheka, akidhani daktari anatania.

Nilimtandikia kitanda chumba cha mbele, ambako nafanyia kazi. Nilikunja blanketi mbili, nikaziweka kama mito, nikaacha nafasi katikati ili apumue. Mimi nilikaa mezani, hatua mbili kutoka miguuni pake.

Kazi yangu ni kuendesha kamera ya darubini iliyo juu ya mlima, kwenye kisiwa kilicho upande ule mwingine wa dunia. Huku ikifika saa tatu asubuhi, kule giza limeshaingia. Kwa hivyo usiku wa watu wengine naufanyia kazi mchana, pazia likiwa limefungwa ili jua lisimeze kioo cha kompyuta, na nje majirani wanaanika nguo, na mwenye duka anagombana na mtu wa mikate.

Watu hudhani natazama nyota. Ninachotazama ni programu yenye visanduku: kimoja cha sekunde, kimoja cha kichujio cha rangi, kimoja cha joto la kamera, na kitufe cha kuanzisha. Naandika sekunde mia sita, nabonyeza, na kule mlimani kifuniko cha kamera kinafunguka. Sekunde zinahesabika kurudi nyuma. Zikiisha, kifuniko kinajifunga, kamera inasoma ilichopokea, na picha inashuka kwenye kioo mstari kwa mstari, kama sweta inavyoshuka kwenye mashine ya mama.

Siku ya kwanza hakuniuliza kitu. Siku ya pili akauliza kama nimefungua kifuniko. Kufikia siku ya nne alikuwa ameshika mwendo wa kazi kwa masikio tu. Nikiacha kubonyeza na kuegemea kiti, alisema kwa sauti iliyofunikwa na blanketi kwamba sasa inasoma, na kweli ilikuwa inasoma. Mara nyingine alisinzia katikati ya picha, akaamka picha nyingine ikiendelea, na hakujua ni dakika tano zimepita au ni asubuhi nzima. Hata mimi nilianza kupotelea humo. Chumba kilikuwa na giza la rangi ya chai, feni ya kompyuta ikivuma, mama akipumua, na mwanga uliosafiri miaka isiyohesabika ukiingia kidogo kidogo mahali ambapo sisi hatukuwa.

Aliniuliza kama mlimani kuna baridi. Nilimwambia iko, lakini baridi ya kamera yenyewe ni kubwa zaidi: digrii mia moja na kumi chini ya sufuri. Chipu yake, kile kipande kinachopokea mwanga, imefungiwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kama thamosi. Akataka kujua kwa nini inateswa hivyo. Nikamwambia ikipata joto huanza kuona vitu ambavyo haviko.

Akasema yeye pia anaviona. Alikuwa anaona maji yakicheza ndani ya jicho, na taa ndogo pembeni, na mara moja aliona mkono wa bibi yangu, mama yake, ukipepeta maharagwe. Mimi nimerithi jina la bibi huyo, ndiyo maana mama huniita maitu, yaani mama yangu.

Siku ya sita nilikuwa na mzee mmoja, mtaalamu wa nyota, akinisikiliza kupitia laini ya sauti kutoka nchi yake. Alikuwa amepewa usiku tatu za darubini, na huo ndio uliokuwa wa mwisho. Alitaka kundi moja la nyota lililofifia mno, ambalo baada ya wiki hiyo lingekuwa limejificha upande wa jua hadi mwaka ufuatao. Alikuwa mtu mpole. Picha ikifika alishukuru kwa neno moja tu, kisha akangoja nyingine.

Karibu saa sita mchana niliona mia moja na tisa kwenye kisanduku cha joto. Digrii moja si kitu. Nilianzisha picha iliyofuata, na ilipokuwa ikisomwa namba ikawa mia moja na saba. Nikafungua ukurasa wa pili wa programu, ule wa chombo. Mashine ya kupoza ilikuwa ikivuta nguvu zake zote, na shinikizo ndani lilikuwa linapanda. Thamosi ilikuwa inavuja.

Nilimpigia fundi wa zamu, aliyelala mji wa chini ya mlima. Alisema atapanda, lakini barabara itamchukua karibu saa mbili, na hadi afike uamuzi ni wangu. Hewa ikiingia huja na unyevu, na unyevu huganda juu ya chipu. Nilimweleza mzee. Aliniomba picha moja zaidi, ya sekunde mia sita tu. Alisema amengoja mwaka mzima, na namba bado si mbaya. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonilegeza. Nilizima maikrofoni nikabaki nimeshika kichwa.

Mama aliuliza kuna nini. Nikamwambia kamera inapata joto, nayo inaweza kuharibika kabisa, na mwenye picha anaomba dakika kumi.

"Maitu," akasema, uso wake ukiwa chini vilevile. "Jana usiku niliinuka."

Sikuelewa.

"Ulikuwa umelala. Niliketi kitandani, nikainua kichwa. Nilitaka kujua kama jicho linaona. Nilikaa hivyo muda. Sijui ni muda gani."

"Uliona?"

"Niliona mwanga wa mlango. Halafu nikaogopa, nikarudi chini. Nimeogopa tangu asubuhi."

Nilienda nikapiga magoti kando ya kitanda. Sikuwa na hasira. Nilishika kisigino chake, maana ndicho kilichokuwa karibu, na nikahisi kilivyokuwa baridi. Nilimwambia nitampigia daktari sasa hivi. Akasema nimalizane kwanza na yule mtu, asiachwe akingoja.

Nilifungua maikrofoni nikamwambia mzee siwezi. Nilisema nafunga kamera, kosa likiwepo ni langu, na nitaliandika hivyo kwenye ripoti. Akasema sawa, na laini ikakatika.

Kamera iliyogandishwa hivyo haizimwi kama taa. Inapandishwa joto polepole, la sivyo chipu inaweza kupasuka. Niliiambia programu ipandishe kidogo kidogo, nikampigia daktari. Alisema nimpeleke kesho yake jicho likaguliwe, na kwa sasa asiinuke tena. Mchana wote ukapita hivyo, mimi nikitazama namba zikipungua kuelekea sufuri, mama akiniuliza mara kwa mara tumefika ngapi. Stima haikupotea siku hiyo, kompyuta ikabaki inawaka, nami nilishukuru kwa hilo peke yake.

Chipu ilipona. Fundi alikuta pete ya mpira iliyochakaa kwenye kifuniko cha chombo. Darubini ilikaa bila kamera hiyo wiki kadhaa, nami nikakaa bila zamu. Mzee aliniandikia barua pepe fupi. Alisema angekuwa yeye angepiga ile picha, na kwamba pengine ndiyo maana hakuachiwa yeye kitufe.

Jicho la mama lilipona nusunusu. Utando ulishika, lakini sehemu moja ilijikunja, na hadi leo anaona mstari ulionyooka ukipinda katikati. Daktari alisema huenda ni kule kuinuka, na huenda sivyo. Hajaacha kufuma. Hupima safu za sweta kwa vidole.

Zile wiki zisizo na zamu nilizitumia kwenda kumwona Thika. Alikuwa ameruhusiwa kuinua uso zamani, lakini bado alitembea ameinamisha kichwa. Watu kanisani walimpa pole, wakidhani amefiwa. Jumapili moja, tukitoka, nilimgusa kidevu. Aliinua macho taratibu, akatazama mawingu juu ya paa za mabati, akasimama hapo mlangoni hadi walio nyuma yetu wakaomba nafasi ya kupita.