Bipu ya Alfajiri

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku niliyoolewa, mwanangu, na harusi yangu ilipigiwa ngoma siku saba. Ni siku niliyoteremsha kikapu dirishani kuchukua mkate, nikakivuta juu, ndani yake nikakuta vitu vya kuoshea maiti. Na maiti mwenyewe ndiye mie.

Usitishike. Kaa kitako nikuhadithie, nna nafasi tele, sina mtu wa kumpikia.

Wazee wenzangu wakikaa na nyinyi watoto huhadithia makosa yao ya ujanani, utadhani walipoota mvi ndiyo wakaacha kukosea. Mie kosa langu kubwa nimelifanya nshakuwa na wajukuu tisa. Skuli niliishia darasa la nne, sina elimu ya kukuringia, lakini hili nalijua kwa sababu limenipata mwenyewe.

Nilikuwa na somo yangu, Bi Mize, akikaa Jang'ombe. Somo, kama nyinyi wa siku hizi hamumjui, ni yule mwanamke anayekuchukua unapovunja ungo, akakufundisha kujitwaharisha, na kukaa na mume, na kunyamaza pale pa kunyamaza. Hilo la mwisho halikuniingia, unanisikia mwenyewe. Bi Mize ndiye aliyeniosha siku ile, mie nalia kwa hofu, yeye ananicheka, "Lia, lia, mwisho utaolewa." Kanizidi miaka kumi na miwili. Na kazi yake nyengine alikuwa mwosha maiti. Wanawake waliopita mikononi mwake mji huu, hata mwenyewe hajui idadi yao.

Siku zote akinambia, "Zuwena, nilikuosha ulipokuwa mwari, na ntakuosha ukifa."

"Somo, wewe ndiye mkubwa, utatangulia."

"Basi utaniosha wewe. Ila usinimwagie maji ya baridi, sipendi."

Tukicheka mpaka tukilia. Lakini ndiyo yalikuwa mapatano yetu, na mimi nikiyategemea. Mtu mwengine anaogopa kufa. Mie nilikuwa naogopa kuoshwa na mtu asiyenijua.

Mume wangu akafariki. Watoto washaondoka zamani, Rukia yupo Maskati na wenziwe huko huko, nikabaki peke yangu ghorofa ya pili hapa Mkunazini. Nyumba hizi za zamani ni kubwa, mwanangu. Unakohoa chumba hiki, unajisikia chumba cha pili, unadhani umepata mgeni.

Bi Mize naye mjane, hana mtoto. Akanambia, "Wewe peke yako na mie peke yangu. Tukifa nani atajua?" Tukapatana. Kila siku akishasali alfajiri ananibipu, mara moja tu, simu inaita inakatika. Mie namrudishia moja. Basi. Maana yake nimeamka, mzima. Hakuna kupokea. Siku ya kwanza bipu isipokuja, mwenzio kapitiwa na usingizi. Ya pili, labda simu haina chaji. Ya tatu, unavaa buibui lako unakwenda kumtazama.

Simu yangu wakati huo ilikuwa hizi za tachi za kawaida, kila mtu anayo. Ilikuwa na kijitaa juu pembeni, cha kijani. Mie simu naiweka kimya siku zote, sipendi inishitue nipo juu ya msala nasali. Nikishatoa salamu naitazama: kijitaa kinawaka kinazima, kinawaka kinazima. Ah! Somo huyo. Chumba bado kiza, hata kunguru hawajaamka, na kuna mtu Jang'ombe anakukonyeza. Nakwambia kile kijitaa kwangu kilikuwa mtu.

Sasa Rukia akaniletea simu nyengine. Zile zenye tunda lililomegwa mgongoni. "Mama, sote tunatumia hizi, na wewe uwe nayo, tuonane sura vizuri." Fundi wa Darajani akanihamishia laini na majina. Nikafurahi, nisikudanganye, nikaitembeza vyumba vyote kama bibi harusi. Ile ya zamani nikampa Mama Sabra, mpangaji wangu wa chini.

Basi, bibi wee! Simu ile ina adabu zake. Ya zamani ilikuwa na alama ya kurudi nyuma, ukipotea unaibonyeza unarudi ulikotoka. Hii haina. Unaingia mahali, kutoka ndiyo kazi, mpaka ujue kuipangusa kutoka chini kwenda juu ushawapigia watu watatu bila kukusudia. Tena inafunguka kwa uso. Nipo sokoni nimevaa ninja yangu, inakataa kunijua, inataka nijifunue mbele ya wauza samaki! Nikaiambia, marehemu mume wangu alikuwa akinijua kwa mwendo tu, wewe nani? Na chaja yake tundu jengine. Hili utaliona dogo. Zamani chaja yangu ikileta ukaidi nashuka kwa Mama Sabra kuazima yake, nakaa pale nusu saa, nakunywa kikombe cha chai, tunasengenya kidogo, Mungu atusamehe. Sasa hana ya kuniazima. Nikawa na simu nzuri, na ngazi sina sababu ya kuzishuka.

Alasiri ile ile niliyoipata nilikwenda kumwonesha somo yangu. Akaishika kwa vidole viwili. Yeye ana kitochi chake kimefungwa mpira ili betri lisianguke.

"Ehee! Zuwena sasa bibi mkubwa."

"Tazama somo inavyopiga picha."

"Nshaona. Usije ukatusahau tu sisi wa vitochi."

Alikuwa ananitania. Kanitania tangu nna miaka kumi na mitatu. Lakini siku ile yale maneno yakanikaa, nikarudi nayo nyumbani.

Kesho yake nikatoa salamu, nikaitazama simu. Kiza. Nikasubiri mpaka jua likatoka. Hamna taa. Nikasema, kapitiwa na usingizi. Siku ya pili, kiza. Ya tatu, kiza.

Siku ya tatu nilitakiwa nivae buibui niende. Unajua nilifanya nini? Nilinuna. Nikasema, kumbe ni kweli, simu yangu imemuuma. Haya, na akae na kitochi chake. Mwanamke wa miaka themanini, magoti mabovu, anakaa peke yake, sikusema labda kaanguka. Sikusema labda anaumwa. Nilikaa pale dirishani nimekunja uso, nampangia na maneno ya kumwambia akija kuniomba radhi.

Na kitu chenyewe kilikuwa mbele ya macho yangu. Pale pa kupigia simu paliota doa jekundu lenye nambari. Moja. Kesho yake mbili. Ya tatu yake tatu. Nikadhani simu inanihesabia siku tangu nianze kuitumia. Nikaona ina heshima.

Siku ya nne asubuhi nasikia mlango wa chini unagongwa. Nikajua ni muuza mkate. Nikateremsha kikapu na pesa ndani yake, wala sikuchungulia. Kikafika chini kikakaa. Kimya. Halafu nikasikia mtu analia, kile kilio cha mtu mzima, cha kujizuia. Kamba ikavutwa, mara moja. Nikapandisha. Kizito. Nikakuta mfuko wa kitambaa, nikaufungua: pamba, karafuu maiti, sabuni mpya, udi, na kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri. Na pesa yangu ya mkate ipo pale pale.

Nikatoa kichwa dirishani. Bi Mize kakaa barazani chini, mkongojo ubavuni, buibui limelowa jasho, ananitazama juu.

"Huo mfuko uweke," akanambia. "Leo hauna kazi."

"Somo! Shikamoo!"

"Usiniamkie huko juu. Teremka nikuone."

Nilizishuka zile ngazi sijui vipi. Hakuniitikia salamu. Alinishika shavu, akanishika kiganja, akanipapasa shingoni, kwa vile vidole vyake vilivyopapasa maiti wa watu. "Una joto," akasema, akajifuta macho kwa pembe ya buibui.

"Somo, mbona hukunibipu?"

"Mie? Nakubipu siku nne, mwana wa watu hurudishi!"

"Wallahi sikuona."

Akatoa kitochi chake, akanibipu pale pale tumekaa bega kwa bega. Simu yangu ipo mapajani. Kioo kikajaa mwanga, bila sauti, kikazima. Lile doa jekundu lilikuwa nne. Likawa tano.

Tukaitazama sote wawili.

"Taa yake iko wapi?" akauliza.

"Haina taa, somo. Hii haina taa."

"Kwa hiyo ulikuwa unangoja taa."

"Naam."

Akakaza mpira wa kitochi chake. Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza.

"Na siku ya tatu, Zuwena? Mapatano ni siku ya tatu mtu anakuja. Mie siku ya tatu magoti yalikataa, nimekuja leo. Wewe magoti yako mazima. Ulikuwa wapi?"

Ningeweza kumdanganya, mwanangu. Lakini mtu aliyekuosha utamficha nini? Nikamwambia. "Nilidhani una kinyongo. Kwa ajili ya simu."

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alisema pole pole, anaitazama njia. "Nimetoka Jang'ombe kwa miguu. Sikupanda gari, sikutaka watu wanione nalia. Njia nzima nakuombea dua, nasema Zuwena wangu kafa peke yake, hakuna hata wa kumfumba macho. Na wewe umekaa juu hapo, mzima, unanidhania hasidi. Bora ungenidhania nimekufa, Zuwena. Ningejua unanipenda."

Nilimshika mkono nikamwomba radhi.

Halafu akanipiga bega. "Haya nipe chai. Nimetoka sikula, nilijua ntakuta chai matangani."

Ngazi hakuziweza, basi tulikunywa pale pale barazani, na mkate wa muuza mkate alipopita. Mama Sabra akatoka na kikombe chake. Wallahi sijapata kunywa chai tamu kama ile. Somo yangu alipoondoka nilimtaka achukue mfuko wake, akakataa. "Ukae kwako. Atakayetangulia, vitu vyake vipo."

Tangu siku ile simu yangu inalia. Inishitue, isinishitue, inalia.

Tuliishi hivyo miaka mitatu, bipu na bipu. Mwaka jana, asubuhi moja, nikatoa salamu, simu kimya. Nikaitazama vizuri, nikatafuta doa, hamna doa. Ilikuwa siku ya kwanza tu. Mapatano yanasema siku ya kwanza ni usingizi. Sikuingoja ya pili. Niliuangua ule mfuko msumarini nilikoutundika, nikavaa buibui nikatoka.

Ilikuwa usingizi kweli. Tulivunja mlango na majirani, tukamkuta kalalia upande wa kulia, mkono chini ya shavu, kitochi karibu na mto.

Nilimwosha mwenyewe. Maji niliyatia moto, nikayajaribu kwanza kwa mkono wangu, mara mbili, yasije yakawa ya baridi.

Sasa alfajiri nikitoa salamu, mkono bado unaitafuta simu. Naipangusa kwenda juu, nshazoea, hata bila ya kuitazama. Hamna kitu. Siku moja nilimbipu Rukia. Akanipigia mbio, "Mama! Kuna nini?" Nikamwambia hamna kitu, nakubipu tu. "Mama nakwenda kazini, ukiwa na jambo andika meseji." Nna jambo gani la kuandika? Nimeamka, mzima. Ndiyo jambo lenyewe. Hana makosa, mtoto wa watu, hakufundishwa. Na mfuko nimeujaza upya, umerudi msumarini nyuma ya mlango. Nautazama, sijui nani ataufungua.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Simu badilisha upendavyo, ya tunda, ya kitochi, utazizoea zote, hata mie bibi yako nimeizoea. Lakini siku unayobadilisha, kabla hujaanza kujipiga picha, kaa uwafikirie wale wanaokutafuta: walikuwa wanakupataje, na sasa watakupataje? Wapigie uwaulize mmoja mmoja. Na mtu wako akikukalia kimya, usikae dirishani ukamtungia sababu. Sababu utakazomtungia ukiwa peke yako zote zitakuwa mbaya. Nyanyuka. Gonga mlango wake. Ukimkuta ana kinyongo kweli, si neno, mtagombana mkiwa hai nyote wawili. Na usihesabu zamu ya nani. Mie nilihesabu zamu, mtu wa miaka themanini akatembea kutoka Jang'ombe analia.

Mungu akupe umri mrefu na magoti ya kwenda nao. Akupe mtu wa kukukumbuka kabla jua halijatoka, na akupe na wewe mtu wa kumkumbuka. Na siku yako itakapofika, iwe mbali inshallah, akupe mikono inayokujua, na maji ya vuguvugu.

Amin. Haya, niandikie hapa nambari yako. Kesho alfajiri nikikubipu usipokee. Nirudishie moja tu.