Mbio za Walubengo, Mpenda Usingizi

Ukikaa Eldoret kidogo tu, utaambiwa siri ya mbio ndefu hata kama hukuuliza. Mmoja atasema ni hewa ya milimani, mwingine atasema ni maziwa mala, wa tatu ataapa kwamba ni vilima vya Kaptagat. Usingizi hautajwi na mtu. Lakini Walubengo, aliyekimbia hapa enzi za masetla, wakati mji wenyewe watu waliuita Sisibo, hakujifunza mbio kwa hewa wala kwa maziwa. Alijifunza kwa sababu alipenda kulala. Hakuacha kikombe cha ushindi hata kimoja, na alikufa mzee sana, kitandani, jambo ambalo halikumshangaza yeyote aliyemjua.

Alitoka Bukusu akiwa kijana, akaandikwa kazi kwa Kaburu mmoja, kazi ya kufunga ng'ombe wa jembe. Kibanda chake kilikuwa mwisho kabisa wa shamba, karibu na msitu. Kila alfajiri nyapara aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini, kisha akaita majina, na asiyeitikia alipoteza ujira wa siku yake. Wenzake waliamka jogoo akiwika. Walubengo aliamka reli ikilia. Hapo ndipo alipochomoka, shati mkononi, akaruka mitaro na seng'enge, akafika akihema jina lake likiitwa. Aliishi hivyo miaka mingi. Uvivu ukishikiliwa kwa bidii namna hiyo unamjenga mtu mapafu.

Mkewe, Nelima, hakuona mapafu. Aliona mume anayetoka kazini akalala, Jumapili akalala, na shamba lao la mahindi akaligeuzia mgongo ili alale vizuri. Msimu mmoja magugu yalipoyapita mahindi kwa urefu, Nelima alifunga vitu vyake akaenda Plateau, penye stesheni, kwa kaka yake Kituyi, kibarua wa reli. Mama yao, Nasambu, aliishi hapo pia.

Walubengo alimfuata. Kumfuata mke kwao ni kazi rahisi kwa watu wengine, si kwa Mbukusu. Mama mkwe si wa kutazamwa. Mkikutana njiani, kila mmoja anaingia kichakani upande wake. Kumpa mkono hakusemeki, na akuone mapaja ni aibu ya ukoo mzima, walio hai na waliozikwa. Kwa hiyo Walubengo alisimama nje ya ua akambembeleza Kituyi kupitia vijiti, huku Nasambu amejifungia jikoni, akikohoa kikohozi cha mtu anayesikia kila neno.

"Shemeji, nimekuja kuchukua bibi yangu."

"Alikuja hapa kwa sababu gani?"

"Ni mambo ya magugu tu."

"Si magugu. Wewe unalala kama mgonjwa na hauko mgonjwa. Sisi tumeongea. Tunarudisha ng'ombe zako, kila mtu ashike njia yake."

Ng'ombe wa mahari wakirudi, ndoa imekufa, na hakuna wa kukata rufaa kwake. Walubengo alishika ua kwa mikono miwili. Alimpenda Nelima. Alikuwa mvivu wa kila kitu, lakini katika kumpenda Nelima hakuwahi kuchelewa, ingawa ni kweli hakuwahi kumwambia.

Kituyi aliiona ile mikono kwenye ua, akalegea kidogo. "Sikiza. Siku ya kuzaliwa ya mfalme, masetla wanafanya sports hapo Sisibo. Mbio ndefu zawadi ni mtamba. Wanasema unajua kukimbia. Leta hiyo mtamba hapa, tujue unaweza kufanya kitu na macho wazi. Ukikosa, kuja na watu wa kukusaidia kuswaga ng'ombe zako."

Nelima alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Siku ikafika. Mfalme mwenyewe hakuja. Alikuwa kwao, na sidhani alijua Sisibo iko upande gani. Masetla walikaa chini ya turubai na keki zao na wiski yao, na kabla ya yote wakacheza michezo yao wenyewe. Watu wazima, wenye mashamba ambayo farasi alichoka kuyazunguka, walikimbia wakibeba yai kwenye kijiko. Wengine waliingia miguu yote miwili ndani ya gunia wakarukaruka. Walipomaliza walijifuta jasho, wakasema sasa waletwe wenyeji wawachekeshe.

Bingwa alikuwa Kipyego, askari wa chifu, Mkeiyo mrefu aliyekuwa ameshinda kila mwaka na aliyemtazama yule mtamba kama tayari amempa jina. Alimkagua Walubengo kuanzia chini hadi juu. Kulikuwa na mengi ya kukagua, kwani Kaburu alikuwa amemshonea kaptura ya gunia la unga, fupi kupita kiasi, na jina la kinu lilikuwa limemkaa matakoni.

"Wewe ndiyo ule wa kulala?" Kipyego akauliza.

"Ndiyo mimi."

"Haya basi. Usiku mwema."

Walizunguka uwanja wa nyasi, raundi baada ya raundi, na Kipyego akaongoza kwa raha zake. Walubengo alibaki nyuma akiwaza nyumba tupu na jiko lililopoa. Raundi ya mwisho alijidanganya kwamba reli imegongwa na nyapara tayari ameanza kuita majina. Akachomoka. Alimpita Kipyego kwenye kona, na Wabukusu wote uwanjani, wapishi na madobi na wafunga ng'ombe, wakapiga kelele kwamba mtu wao anashinda.

Kelele hizo zilimfikia Nasambu. Alikuwa amekuja kuuza karanga, na alikuja bila wasiwasi kwa sababu alikuwa na hakika kwamba mkwewe hatatokea, atakuwa amelala. Aliposikia mtu wa kwao anaongoza, alipenya kwa viwiko mpaka mbele kabisa, kando ya kamba ya kumalizia. Akainua macho. Mkwewe alikuwa anamjia mbio, mapaja nje.

Walubengo naye alimwona. Watu hupenda kusema kwamba miguu ilijiamulia yenyewe, lakini huo ni uongo. Aliiona kamba, akamwona mtamba amefungwa pale nyuma, akajua wazi kwamba akikosa kuikata kamba ile anampoteza Nelima. Moyo ulimuuma hata akapiga ukelele. Kisha akakata kushoto, akaruka meza ya keki, akapita katikati ya turubai, akatokea upande wa pili na kuendelea. Nasambu alijifunika kanga kichwani akatimka upande wake, karanga zikimwagika, na walioshuhudia waliapa kwamba kati ya hao wawili mama alikuwa na kasi zaidi. Kipyego aliikata kamba akiangalia nyuma, akidhani kuna nyoka. Kaburu alitupa kofia yake chini akaikanyaga. Mzungu mmoja daktari alieleza kwa kirefu kwamba ni jua.

Kesho yake Walubengo alikwenda Plateau na majirani wawili wa kuswaga ng'ombe. Alisimama nje ya ua, mahali pake. Safari hii alivaa suruali ndefu ya kuazima. Kituyi alikuwa amekwisha kuwafunga ng'ombe kamba, tayari kwa safari.

"Umekosa mtamba," Kituyi akasema.

"Nimekosa."

Jikoni mlango ulikuwa umefungwa, na hakukuwa na kikohozi. Nelima akatoka nyumbani na mzigo wake kichwani, akampita kaka yake.

"Unaenda wapi?"

"Kwangu."

"Na ile mtamba tulisema?"

"Ameshatoa," Nelima akasema. "Alikuwa karibu kuishika, akaiacha ili mama asione haya mbele ya Sisibo nzima. Wewe uko na mama mkwe. Ungemwachia nini?"

Kituyi akawageukia wale ng'ombe na kamba zao. Nyuma ya mlango wa jikoni, Nasambu, ambaye hakuruhusiwa kumsemesha mkwewe hata neno moja, alimsemesha mwanawe kwa sauti iliyofika mpaka stesheni.

"Kituyi, fungua hizo ng'ombe zirudi kwa nyasi."

Kituyi akaenda kuwafungua.