Siku Mbili Alizoomba Isogai

Isogai alipanga safari za watu kwa miaka thelathini na sita, na hakuna hata moja ambayo basi lilichelewa kuondoka. Kiwanda cha pampu alichofanyia kazi hapa Kofu kilikuwa na desturi ya kuwatoa wafanyakazi mara mbili kwa mwaka, maua yanapochanua na majani yanapopukutika, na kila mara aliyebebeshwa shughuli hiyo alikuwa yeye. Wenzake waliikimbia kazi ile kama ukoma. Yeye aliipenda, tena mno. Alitengeneza kijitabu, kila mtu na chake: saa ya kuondoka, vyoo viko wapi, nani alale chumba kimoja na nani ili wakoromaji wakoromeane wenyewe. Na kabla ya safari yenyewe alitangulia peke yake, akaitembea njia nzima, akahesabu ngazi, akaonja supu. Mwandalizi asiyetangulia kukagua, aliwaambia vijana wa ofisini, ni mpishi asiyeonja chumvi.

Basi mtu huyo akastaafu mwisho wa Machi. Akapewa shada la maua, akarudi nalo nyumbani, na mkewe Sumie akalitia kwenye ndoo kwa kuwa hakuna chombo kilicholitosha. Kisha akamfutia meza vizuri, akamwekea karatasi ya talaka.

Karatasi yenyewe ni nyembamba, mistari yake ya kijani, na ukiiangalia haina kitisho chochote. Mke anajaza kwake, mume anajaza kwake, mihuri inagongwa, mashahidi wawili wanaandika majina, karani wa manispaa anapokea, yamekwisha. Upande wa Sumie ulikuwa umejaa. Mashahidi pia: dada yake, na mama mmoja aliyepika naye jikoni mwa shule miaka mingi. Palipobaki wazi ni pa mume tu.

Isogai aliuliza kosa lake. Sumie akamwambia hakuna kosa la kutajika. Hakumpiga, hakuwa mlevi, mwanamke wa nje hakuwa naye. Amechoka tu kuishi na mtu asiyemwona. Alingoja astaafu kwanza, asije akamwaibisha mbele ya wenzake kazini. Hebu fikiria. Mwanamke amekukatia tamaa, na bado anakusitiri mpaka siku yako ya mwisho ya kazi.

Mfa maji haachi kutapatapa. Isogai akaomba siku mbili, Jumamosi moja na Jumapili yake, mwezi wa Mei, Tokyo, wao wawili peke yao, mbali na ule mnara maarufu, mbali na mahekalu ya kupigia picha, mbali na popote panapopelekwa wageni. Wakirudi, kama moyo wa Sumie bado ni ule ule, ataigonga karatasi muhuri mwenyewe bila neno. Sumie akasema sawa. Na alipoulizwa angependa kwenda wapi hasa, akajibu popote. Wenye ndoa zao wanajua kwamba mke akisema popote, mambo yameharibika. Isogai, maskini, alilipokea neno hilo kama ruhusa.

Akatandaza ramani mezani. Kwanza alifuta kila mahali alipowahi kuwapeleka watu wa kiwandani, na Tokyo yote ya wageni ikafutika. Kisha akachukua daftari, akaandika juu: Chakula. Kalamu ikasimama. Alijua kwamba fundi Hatakeyama wa karakana hali kamba, na kwamba karani wa mishahara anatapika akila samaki mbichi baada ya safari ya milimani. Wafanyakazi sitini, alijua tumbo la kila mmoja. La mkewe hakulijua. Aliwaza, akawazua, hakupata kitu, na aibu ikamshika pale pale alipokaa. Ikabidi ampigie simu binti yao Chinatsu, aliyeolewa Nagoya.

"Mama yako anapenda kula nini?"

"Baba, hilo unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe, ndiyo."

"Si umekula naye miaka thelathini na minne?"

"Hakuwa akikaa mezani. Alikula jikoni, nikishamaliza mimi."

"Na wewe hukuwahi kumwambia akae."

Chinatsu akamtajia, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma orodha ya dukani. Kahawa chungu, bila maziwa. Mkate mnene wa kuchoma. Chaza hagusi, walimlaza hospitali siku mbili. Goti la kushoto halitaki ngazi, na upepo wa mashine ya kupoza hewa ukimpiga shingoni anaumwa kichwa. Na kitu anachokipenda kuliko vyote duniani ni kupita vichochoroni akiangalia vyungu vya maua ambavyo watu huvipanga mbele ya milango yao. Anaweza kushinda kutwa. Isogai akasema hakuyajua hayo. Binti akamtakia kila la heri, akakata simu.

Kuanzia hapo mtu akafufuka. Alikwenda Tokyo kukagua, si mara moja, mara tatu. Huko kaskazini mwa jiji, ambako wageni hawana la kutafuta, alipata tramu ya behewa moja inayopita nyuma ya majiko ya watu, karibu hivi kwamba unanusa wanachopika, na pembeni mwa reli mawaridi yamepandwa na wakazi wenyewe. Alishuka kituo cha Machiya, akaingia vichochoroni, akatembea kwa kuchechemea kama mwenye goti bovu ili ajue Sumie atatumia dakika ngapi. Bibi mmoja akamtokea na ufagio, akamuuliza kama ametumwa na serikali kubomoa nyumba zao. Akapata hamamu ya mtaani isiyo na ngazi mlangoni. Akapata mkahawa wa mzee Tsukagoshi, wenye mikate minene kama tofali, akakaa viti vyote kimoja kimoja mpaka akakijua kile ambacho upepo wa mashine haukifikii.

Sisi majirani tulimwona akitoka na kurudi huku anapiga mluzi, na midomo yetu unaijua. Tukamtania kwamba bwana amestaafu, sasa amepata kimada mjini. Hakukasirika. Alitujibu kwamba ndiyo, anaye, na umri wake ni miaka hamsini na minane. Tulicheka sana siku ile, na tukamwombea.

Kijitabu alichapisha nakala mbili tu.

Na safari ilikwenda vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza kila ninapoisimulia, kwamba ilikwenda vizuri. Asubuhi ya Jumamosi Sumie alitembea kama mtu anayesindikiza jeneza, mkoba kaukumbatia kifuani. Kichochoro cha kwanza akapita tu. Cha pili, mbele ya mlango mmoja, mtu alikuwa amepanda bilinganya ndani ya sufuria bovu la kupikia wali, waya wake wa umeme bado unaning'inia. Sumie akasimama, akainama, akacheka. Isogai alishtuka. Kicheko hicho hakukikumbuka, na alijua hakukikumbuka kwa sababu gani. Akakaa kimya asije akakiharibu, akangoja mpaka mkewe amemaliza vyungu vyote vya mtaa ule, na saa hakuiangalia.

Mchana walikaa meza moja wakala monja, ule uji wa unga na kabichi unaokaangwa juu ya bati la moto mbele yako. Isogai alikwangua vibaya, ukamwagikia suruali. Sumie akamnyang'anya kijiko bapa, akamwonyesha, akamwambia kwamba miaka yote hii kumbe ameolewa na mtoto mchanga. Jioni walikwenda hamamu, wakakubaliana dakika arobaini, kila mmoja upande wake, wanaume na wanawake mbali mbali, wakakutana nje nywele zimelowa. Sumie alimshika mkono kuvuka barabara, na walipofika ng'ambo hakuuachia mara moja. Isogai alihesabu hatua tisa. Moyoni alikuwa kishaanza kushukuru.

Jumapili asubuhi wakaingia mkahawani. Isogai akamwelekeza mkewe kwenye kiti chake, kahawa chungu ikaja, mkate ukaja. Mzee Tsukagoshi naye akaja, kitambaa begani, akafurahi kupita kiasi, akamwambia Sumie kwamba leo hatimaye wamemwona mwenyewe. Bwana huyu, alisema, alikalia kila kiti humu ndani, wakadhani anataka kununua viti.

Mzee alipoondoka, Sumie aliuliza kama kweli alishakuja. Isogai akakiri: mara tatu, kukagua. Macho ya Sumie yakajaa machozi, na Isogai alipoyaona aliamini ameshinda.

"Na zile za kiwandani," Sumie aliuliza, "nazo ulikuwa ukienda kukagua?"

"Zote," alijibu Isogai, na kwa fahari, Mungu amsamehe. Akaendelea kusema. Alisimulia ngazi alizohesabu, supu alizoonja, mto wa kukalia alioubeba mgongoni kwa ajili ya mkuu wa stoo mwenye bawasiri. Kila majira ya kuchipua, kila majira ya kupukutika, hakuna aliyoiruka. Alidhani anajiongezea alama.

Sumie akakiweka kikombe chini. Alimuuliza kama anaukumbuka mwaka aliokufa mama yake yeye Sumie. Baada ya kisomo cha kumwombea marehemu, siku ya arobaini na tisa, alipokuwa hali wala halali, alimwomba mumewe ampeleke popote, hata siku moja, hata ng'ambo ya mto, aone kitu kingine. Isogai alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba vuli ile aliwapeleka watu wa kiwandani baharini.

"Uliniambia mambo ya kupanga matembezi wewe huyajui," Sumie alisema. "Eti hukuzaliwa nayo."

"Nilikuwa nimechoka, Mama Chinatsu."

"Nilikuamini. Nikajisemea, mume wangu hajui, na asiyejua hachukiwi. Nimeishi kwa hilo miaka ishirini, Baba Chinatsu. Kila uliponipita nilisema, hajui." Alijifuta macho kwa kiganja. "Kumbe unajua. Sijaona mtu anayejua kama wewe."

Sauti hakuipandisha, na wala hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira Isogai angepata pa kushika. Alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba jana jioni walipovuka barabara aliamua ataichana ile karatasi. Alilala usingizi mzuri kwa uamuzi huo. Lakini sasa hawezi tena, kwa sababu mtu asiyeweza yeye Sumie alikuwa amemsamehe zamani, na huyu anayeweza hamjui, wala hana nguvu za kuanza kumsamehe akiwa na umri huu.

Maneno aliyokuwa nayo Isogai maishani yalikuwa ya kuwahesabu watu na kuwakumbusha mizigo yao. "Naweza kupanga nyingine," alisema mwishowe.

"Najua unaweza."

Sumie akaumaliza mkate wake wote, kwa kuwa ulikuwa mtamu na hapendi kutupa chakula. Akamshukuru mzee Tsukagoshi, akamwambia hajawahi kunywa kahawa kama ile. Walipanda tramu, mawaridi yakapita dirishani, na wote wawili waliyatazama. Kwenye treni ya Kofu Isogai alikaa na mikono magotini, na pale reli inapoingia milimani alitamani handaki lisiishe.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wajukuu wengine huja mtu akiwa kwenye treni na safari bado saa nzima.

Jumatatu manispaa ilifunguliwa saa mbili na nusu. Aliahidi, na Isogai si mtu wa kuvunja ahadi, hilo nalo tumpe. Alikuwa amejaza upande wake usiku wa Jumapili kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri, ukakaa sawasawa bila kupinda. Karani aliipitia karatasi kwa kidole, akasema haina kosa hata moja, akaipokea. Haikuchukua dakika kumi.

Wakatoka nje pamoja. Sumie alikuwa na begi moja, mizigo mingine dada yake angeitumia gari. Alisimama akaangalia vituo vya basi kushoto na kulia, akachanganyikiwa, na bila kufikiri akamgeukia kumuuliza la kwenda kwa dada linapita wapi.

Isogai hakuhitaji kuangalia popote. Alimwambia ni la saa tatu na dakika tano, kituo cha ng'ambo, mlango wa mbele una ngazi moja tu, na akae upande wa kushoto ili jua lisimpige usoni. Sumie akashukuru, akavuka barabara. Basi likaja saa tatu na dakika tano. Akapanda kwa mlango wa mbele, akakaa upande wa kushoto.