Fundi King'ora Atambaa Korido ya Mama Yake

Saa nne asubuhi, fundi amelala kifudifudi kwenye korido ya mama yake. Anatambaa kwa viwiko, macho yake hayabanduki kwenye kiboksi cheupe cha ukutani. Ni kihisi mwendo, kifaa cha king'ora kinachomnasa anayepita. Kikimwona kitawasha taa nyekundu na simu yake italia. Mpaka sasa, kimya.

Kaka yake amesimama mlangoni na begi tupu mkononi. Ameshasema lake: jaribio likishindikana, mama anahamia kwake leo hii. Mama, aliyeketi na nyonga yake iliyoteguka, hataki hata kulisikia. Nyumba hii waliijenga yeye na marehemu mumewe.

Mtaani binti huyu fundi anaitwa Mama King'ora. Amefunga vihisi kwenye maduka, maghala na nyumba za wenye nazo, na kazi yake haina lawama. Kwa mama yake ndiko alikoboronga.

Chanzo ni paka wa nyumbani humo. Kila alipokatiza usiku king'ora kililia, na mama alichoka kukurupushwa kitandani. Basi binti akafanya kama wafanyavyo mafundi wengi penye paka: akakiinua kihisi kisione chochote kilicho chini ya magoti. Paka akapita, mama akalala, kila mtu akafurahi.

Wiki iliyopita mama aliteleza bafuni. Alijiburuta korido nzima kuifuata simu sebuleni, akipita chini ya kihisi kile kile. Binti alikuwa juu ya ngazi kwa mteja. Simu yake ilikuwa kimya, akajisemea bibi kizee leo kajilalia zake. Alipopita mchana alimkuta sakafuni, midomo imekauka.

"Nilikifundisha kisimwone mama yangu," anasema. "Kwa kihisi, mtu aliyeanguka na paka ni kitu kimoja. Nalijua hilo tangu nianze kazi, na sikuliwaza."

Anainuka, anachukua bisibisi, anakishusha kihisi karibu na sakafu. Anatambaa tena. Taa inawaka.

Kaka haridhiki. Anasema dada yake anatambaa kama askari, wakati mama alikuwa akijikokota.

Kabla hawajaanza kubishana, mama ameshashika mkono wa kiti na kujiteremsha sakafuni. Mwanawe wa kiume anamkimbilia, mama anamsukuma kando. Anaburuta mguu mmoja, anapumzika, anaburuta tena. Mama King'ora ameziba mdomo kwa kiganja. Jamani, hata mimi mwandishi nimesahau kalamu.

Taa inawaka. Simu inalia.

Kaka anashusha pumzi. Lakini paka naye anatokea jikoni, anakatiza bila wasiwasi, na simu inalia tena. Wote wanamgeukia mama.

Mama King'ora anasema kuanzia kesho atazirudia nyumba zote zenye paka na mzee ndani yake, hata kama hakuna aliyemwita. Hii ya mama yake anamwachia mwenyewe aamue.

"Kiache kilie," mama anasema, bado yuko chini. "Kikilia nikakizima, jueni nipo. Nisipokizima, njooni mbio."

Kisha anamnyooshea mwanawe mkono. "Haya, niinue. Na hilo begi urudi nalo hivyo hivyo tupu."