Mawese Kwenye Suruali Nyeupe

Jamani, yule mwanamke aliyemaliza mbio amelazwa kwenye machela akiwa mzima wa afya ndiye mimi, kwa hiyo acheni kunong'onezana, njooni niwaeleze mwenyewe, maana mkiwaachia watu wa sokoni mtasikia nilijifungua njiani.

Chanzo ni mume wangu, Idi. Alivuka ziwa kwenda Kalemie kuuza vitenge, akasema ni msimu mmoja tu, msimu ukazaa msimu. Nilimkumbuka huyo mtu mpaka nikawa namimina chai kwenye kikombe chake, ikipoa naimwaga (wendawazimu hauanzi na kuokota makopo, shoga zangu). Enzi zile alizoea kunitania kwamba mimi hata mvua siikimbii. Sasa niliposikia tangazo la mbio za kilomita tano za wanaoanza, zinazoishia ufukweni Ujiji, nikamwambia kwenye simu, akacheka weee, halafu akasema, "Ukikimbia hizo, mke wangu, nakuja na boti, utanikuta nimesimama kwenye utepe."

Basi tena. Kila nikimaliza swala ya alfajiri naingia barabara ya Mwandiga ndani ya raba zake alizoacha, zile nyekundu zenye kamba za kijani (kubwa, nimezijaza matambara mbele), bodaboda wananipigia honi, "Mama, nani anakukimbiza?" Mwanzoni kilima cha kwanza tu naona nyota mchana. Taratibu nikazoea, ila vigimbi vilikuwa vinakaza.

Asubuhi ya mbio jirani yangu Mama Riziki, Mrundi wetu anayekanda wazazi wote mtaani, akaniletea mawese. "Mwanangu, paka kidogo, sugua, halafu ufute." Nikamwitikia kwa Kirundi chake, "Ego, mama," nikafunga mlango. Kidogo! Mimi namuwaza Idi amesimama pale, niishie njiani kwa ajili ya kigimbi? Nikajipaka kuanzia mapajani mpaka nyayoni kama naunga maharage, sikufuta, juu nikavaa suruali nyeupe pee, maana mtu anampokea mumewe bwana, lazima apendeze. Kulikuwa na kibaridi, mawese yakaganda yakatulia.

Tukaachiwa. Nilikimbia, wallahi nilikimbia, wala sikusimama popote. Jua likachomoza, mwili ukapata moto, nikawa nasikia miguu inateleza ndani ya suruali nikadhani ni jasho. Utepe huo naanza kuuona, natafuta kofia ya Idi kwenye watu, mara nasikia, "Huyu mama anavuja damu!" Kutazama chini, yarabi, suruali yote nyekundu mpaka kwenye raba, na vijana wawili wa huduma ya kwanza wanakuja mbio na machela.

"Ni mawese!" napiga kelele. "Jamani, ni mawese!"

"Tulia mama, usiongee, utaishiwa nguvu."

Wakanibwaga kwenye machela, wakanivusha utepe nimelala, simu za watu zote ziko juu. Nikajifunika uso kwa mtandio, nikaacha upenyo wa jicho moja nimtafute. Hakuwepo. Kijana mmoja akainama kuangalia jeraha, akanusa, akamuuliza mwenzake, "Mbona ananukia maharage?" Ufukwe mzima ukaangua kicheko, na mimi nikalia, wakadhani nalia aibu.

Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani. Kufika nakuta ujumbe wa Idi wa tangu asubuhi, boti inasubiri mzigo, tuvumiliane. Jioni akanitumia video, vikaragosi vya kucheka vimejipanga: "Mke wangu, mwone huyu mwenzako! Wewe ulimaliza?"

Nikaifungua. Mwanamke kwenye machela, uso umefunikwa, miguu imechomoza, na kwenye miguu raba nyekundu za kamba za kijani. Raba zake mwenyewe, alizozinunua mwenyewe, hakuzijua. Hapo ndipo nililia hasa.

Nikamwandikia, "Tazama raba." Halafu simu ikaita.

"Mke wangu," akaanza.

"Raba zako zimeharibika," nikamwambia. "Njoo ununue nyingine."

Basi, mawese nimeapa, kwangu hayatoki tena nje ya chungu. Mbio zikitangazwa nitakwenda, na suruali nyeusi. Lakini kuacha kumtafuta Idi kwenye watu, hilo siapi, maana hata leo boti ikipiga honi bandarini nakurupuka kuteremka, na siku hizi, shoga zangu, nakimbia kweli.